Sifa na Mtaji: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kuweka Amana Benki

Benki husimama juu ya nguzo mbili: rasilimali zake, hasa mtaji na ukwasi; na sifa yake, yaani imani ya wateja, washirika na wasimamizi. Moja ikidhoofika, utendaji wa benki nzima hutetereka.

Mtaji

Mtaji ni fedha za wenye hisa zinazobeba hasara kabla haijagusa amana za wateja. Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano, miongoni mwazo Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru, kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Benki za wananchi huanzishwa karibu na watu na hufahamika vema kwao. Hata hivyo, ukaribu hauzibi pengo la mtaji.

Sifa

Julai 2014, Wizara ya Fedha ya Marekani iliituhumu FBME Bank kuhusika na utakatishaji wa fedha. Benki hiyo ilikanusha, lakini milango ya miamala ya kimataifa ilikwisha kufungwa. Benki Kuu ya Tanzania iliiweka chini ya usimamizi wake mwezi huohuo, na Mei 2017 ikafuta leseni yake.

Uhusiano wake

Sifa njema huvuta amana kwa gharama nafuu. Amana hukopeshwa, na faida hukuza mtaji. Imani ikitoweka, wateja hukimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya amana imekwisha kukopeshwa, hakuna benki iwezayo kuzirejesha zote kwa siku moja.

Mteja anashauriwa

1. Kuhakikisha kuwa benki imo katika orodha ya taasisi zenye leseni ya Benki Kuu.

2. Kusoma taarifa za fedha ambazo benki huchapisha kila robo mwaka, akitazama mtaji na kiwango cha mikopo chechefu.

3. Kuhoji riba ya amana inayozidi mno ya benki nyingine. Huenda ni dalili ya uhaba wa fedha.

4. Kukumbuka kikomo cha bima ya amana. Mwaka 2018 kilikuwa shilingi 1,500,000. Tangu 2023 ni shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Kinachozidi hapo hutegemea mali zitakazopatikana katika ufilisi.

Jina zuri ni sababu ya kuanza kuuliza, si sababu ya kuacha kuuliza.