Tovuti yako ikae kwa nani?

Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo ilizima GeoCities, huduma ambayo tangu miaka ya tisini iliwapa watu wa kawaida nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Nyingi zilinusurika kwa sababu watu wa kujitolea, kama kikundi cha Archive Team, waliwahi kuzinakili. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace nao ukakiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwa miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Wenye kazi hizo hawakuwa na kosa, ila hawakuwa na kauli yoyote juu ya mashine zilizozibeba. Ndiyo maana naona mtu mwenye jambo la kusema aiendeshe tovuti yake mwenyewe.

Seva si kitu cha kutisha. Ni kompyuta inayokaa macho muda wote ikisubiri kuombwa ukurasa. Ya kwanza ya wavuti, aliyoitumia mbunifu wake Tim Berners-Lee pale kwenye maabara ya CERN, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT, imebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu ya kuwaonya watu wasiizime. Leo Raspberry Pi, inayoenea kiganjani na kula wati chache tu, inaiweza kazi hiyo. Programu ya kuhudumia kurasa, nginx, ni ya bure, na vyeti vya usalama hutolewa bure na Let's Encrypt. Kurasa zikiwa faili za HTML tupu, bila hifadhidata nyuma yake, kimashine hicho hakielemewi na wasomaji wa tovuti ya mtu mmoja, na wadukuzi nao hubaki na milango michache ya kujaribu.

Utaniambia umeme hukatika. Ni kweli, lakini jarida la Low-tech Magazine lina tovuti inayotumia umeme wa jua huko Barcelona tangu 2018, na mawingu yakizidi huzimika. Wasomaji hurudi baadaye. Kikwazo kigumu zaidi ni anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti. Anwani za mfumo uliozoeleka, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi chini ya anwani moja, na kompyuta ya nyumbani haifikiki kutoka nje. Hapo ni busara kukodi seva ndogo kwingine. Je, si kurudi kuwa mpangaji? Ni mpangaji, ila anayeweza kuhama: ukiwa na nakala ya faili zote na jina la tovuti likiwa mali yako, unalielekeza kwenye seva mpya na msomaji hahisi chochote. Mtu wa GeoCities hakuweza, kwa kuwa hata jina la tovuti lilikuwa la kampuni.

Seva yako haikuondoi mikononi mwa sheria. Kanuni za Tanzania za 2018 ziliwataka wanablogu wakate leseni, popote walipohifadhi maandishi yao. Inakuondolea utegemezi wa aina nyingine, ule wa kampuni moja. Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine yoyote, sajili jina la .co.tz au .co.ke, na hakikisha limeandikwa kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti.