Jinsi intaneti inavyowafaa wanaosaka mababu waliokuwa watumwa

KWA miaka mingi, Wamarekani weusi waliotafiti historia ya koo zao walikwama katika mwaka wa 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina wengi wa waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860, waliandikwa umri, jinsia na rangi, aghalabu bila majina, chini ya jina la bwana wao.

Hata hivyo, idara ya serikali iliyowahudumia watumwa walioachiliwa huru, kuanzia 1865 hadi 1872, iliacha hati tele za ndoa, mikataba ya kazi na mgao wa chakula. Kumtafuta mtu mmoja katika maandishi hayo ya mkono kulihitaji subira kubwa.

Mnamo 2015, maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wasiojuana, walianza kusoma picha za hati hizo kwenye intaneti na kunakili majina. Kufikia 2016, walikuwa wamekusanya majina yapatayo milioni 1.8. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini jina pekee si ithibati, kwani wengi walikuwa majina na makarani waliyaandika kwa tahajia mbalimbali. Mtafiti hana budi kulinganisha umri, mahali na jamaa waliotajwa, kisha aisome hati yenyewe, kabla ya kumwita marehemu huyo babu yake.