Namba ya tarakimu 16 mikononi mwa askari

Mkulima wa Gikundamvura, katika Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi ya Rwanda, akisimamishwa na askari karibu na mpaka wa Burundi hutoa kitambulisho. Askari hutazama picha, hutazama uso, na namba huipitia upesi. Leo twawaomba ndugu zetu askari wasimame kidogo penye namba.

Namba hiyo, iliyoanza kutolewa mwaka 2008, ina tarakimu 16. Ni kubwa kupita milioni elfu moja mara milioni: mtu akihesabu moja kila sekunde, bila kulala, hataifikia kwa miaka milioni 30. Nao wakazi wa Rwanda, kwa sensa ya mwaka 2022, walikuwa milioni 13 na kidogo tu. Ukubwa wote huo ni wa nini?

Ni kwa kuwa namba hii imebeba habari. Tarakimu ya kwanza, 1, ni ya raia. Nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Kisha 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Saba ni za zamu ya kuandikishwa, moja huonyesha kitambulisho kimetolewa mara ngapi, na mbili za mwisho ni za ulinzi. Kabila halimo. Wazee wa Cyangugu wanajua uzito wa jambo hilo, maana kadi za tangu enzi ya Wabelgiji, miaka ya 1930, zilitaja kabila, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu.

Jinsi tarakimu za ulinzi zinavyoweza kufanya kazi twaionyesha kwa kanuni itumikayo katika akaunti za benki za Ulaya, yaani kugawanya kwa 97. Tuchukue mwaka huo huo, 1994. Ukiugawanya kwa 97 hubaki 54. Karani mwenye haraka akaandika 1949: hubaki 9. Kosa limejulikana, la sivyo kijana angetafutwa kama mzee.

Wala si bahati. Tarakimu mbili jirani zikipishana, namba hubadilika kwa 9 mara tofauti yao, hapa 9 mara 5, pamoja na masifuri kadiri ya nafasi. Nayo 97 ni namba tasa: haigawi 9, wala 10, wala tofauti yoyote kati ya 1 na 9, basi haigawi hata zao lao. Popote zilipopishana, baki litageuka.

Mwongo anayebuni tarakimu mbili za mwisho hupatia mara moja tu katika mia. Lakini aliyeazima kadi ya nduguye ana namba iliyo sahihi kabisa, na hapo hesabu haina la kusema. Askari arudie picha.

Na anayesoma namba kwenye simu ya upepo aisome kwa mafungu yake: moja, nne, moja, saba, moja, mbili.