Kiungulia Chako, Siku Ngapi kwa Wiki?

Mgonjwa anayefika kwenye zahanati ya Mbagala au Tegeta, Dar es Salaam, na kusema "tumbo linaniunguza" bado hajamweleza daktari mengi. Huenda ni asidi inayopanda kooni, huenda ni vidonda vya tumbo, na bakteria aina ya Helicobacter pylori, chanzo kikubwa cha vidonda hivyo, wameenea sana Afrika Mashariki. Kipimo cha kamera hakipo kila zahanati. Kuuliza vizuri kunawezekana popote.

Dodoso la GerdQ, lililochapishwa mwaka 2009 na Roger Jones na wenzake, lina maswali sita, yote kuhusu siku saba zilizopita. Ni siku ngapi ulisikia moto nyuma ya mfupa wa kifua? Siku ngapi chakula au maji machungu yalikupanda hadi kooni? Siku ngapi dalili hizo zilikukosesha usingizi, na siku ngapi uliongeza dawa juu ya ile uliyoandikiwa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Mkazi wa Chamazi anayefika nyumbani usiku mwingi, akala na kulala papo hapo, swali la usingizi linamhusu hasa: ukilala chali tumbo likiwa limejaa, asidi hupanda kwa urahisi.

Maswali mawili yaliyobaki, la maumivu ya chembe cha moyo na la kichefuchefu, huhesabiwa kinyume: asiyekuwa nayo hata siku moja ndiye anayepata 3. Naona hapa ndipo penye akili ya dodoso hili, kwa sababu dalili hizo huelekeza zaidi kwenye ugonjwa mwingine.

Jumla ya juu ni 18. Kuanzia 8, asidi inayopanda kooni inashukiwa. Katika utafiti wa awali, kiwango hicho kiliwanasa wagonjwa 65 kati ya kila 100 wenye tatizo, na kuwatambua 71 kati ya kila 100 wasio nalo. Ni msaada mzuri, lakini wanaokosewa si wachache, na dodoso lenyewe lilipimwa ughaibuni. Lipimwe hapa Tanzania kwanza. Njia tunaijua: dodoso la afya la SF-36 lilitafsiriwa kwa Kiswahili, likajaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa 1999.

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, nayo ni tishio kubwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo chakula kikikukwama, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, acha kuhesabu alama na usinunue tena dawa ya kiungulia dukani. Nenda hospitali, iwe Temeke au Mwananyamala, siku hiyo hiyo.