Aliyekuwa gavana anataka urais: tupime vipi rekodi yake?

Msimu wa mchujo utasikia: "Niliinua uchumi wa kaunti yangu." Sawa, lakini uliza:

1. Pesa zilitoka wapi? Katiba inazipa kaunti angalau 15% ya mapato ya serikali kuu. Huo mgao si jasho lake. Angalia ada za maegesho, leseni na soko: zilipanda?

2. Zilienda wapi? Sheria inataka angalau 30% ya bajeti iende kwa maendeleo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi, zisome.

3. Aliacha bili gani? Soko jipya halitoshi kama mwanakandarasi bado anadai.

Kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu. Rais je? Anakopa, tunalipa sisi.