Msitu wa Kakamega na Chungu cha Waisukha

Msitu wa Kakamega, ulioko magharibi mwa Kenya katika kimo cha kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ndio mabaki pekee nchini ya msitu wa mvua wa aina ile iliyotanda katika bonde la Kongo na Afrika Magharibi, na wataalamu wa mimea wanaamini kwamba hapo kale, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, miti hiyo iliungana moja kwa moja kupitia Uganda. Eneo lililotengwa kisheria leo ni takribani kilomita za mraba 240, lakini miti ya asili haijalijaza lote, kwa kuwa ndani yake mna pia mashamba ya miti ya kupandwa, mashamba ya chai, na mbuga ndogo za nyasi zinazojitokeza ghafla katikati ya miti. Nje ya mpaka hakuna nafasi tupu: sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kaunti ya Kakamega kuwa na watu 1,867,579, wastani wa zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba, hivi kwamba mahali pengi mti wa mwisho wa msitu na mstari wa kwanza wa mahindi vimetenganishwa na njia ya miguu tu.

Wageni wengi hufika asubuhi, wakatembezwa kwa saa mbili au tatu, wakapiga picha za mbega na vipepeo, kisha wakashika njia ya Kisumu au Eldoret kabla jua halijatua. Ziara ya namna hiyo ina faida yake, ila inamnyima mgeni nusu ya kile alichokijia, kwa sababu maarifa ya msitu huu hayakuanzia vitabuni. Yalitunzwa katika majina ya miti, katika dawa za wazee, na zaidi ya yote katika meko ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya ambazo mashamba yao yanapakana na msitu. Wajapani wameishi kwa muda sasa na wazo la kuunganisha matembezi ya msituni na chakula cha mahali hapo. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza raia kufanya shinrin-yoku, yaani kutembea msituni polepole, bila haraka ya kufika popote, kwa ajili ya afya ya mwili na utulivu wa nafsi, na katika vijiji vya milimani vya nchi hiyo mgeni aliyetoka matembezini anaweza kuandaliwa sansai, mboga za mwituni za milima ile ile aliyoipanda mchana. Kakamega ina msitu na ina chakula. Kinachopungua ni mazoea ya kuviunganisha viwili hivyo katika siku moja.

Msitu una milango miwili mikuu. Kaskazini, kando ya barabara iendayo Webuye, kuna Buyangu, makao ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 44 hivi, inayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kusini kuna Isecheno, iliyo chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, ambako msafiri hufika kwa matatu hadi Khayega na kuendelea kwa bodaboda kupitia Shinyalu. Kwa mtu anayetaka kutembea mchana na kula jioni kwa wenyeji, Isecheno ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu vijiji vimeuzunguka mlango wenyewe, na kwa sababu ndiko waongoza watalii walikojipanga mapema: mwaka 1995 kundi la vijana wa hapo lilianzisha mpango wa elimu ya mazingira unaofahamika kwa kifupi kama KEEP, ambao pamoja na kuwafundisha watoto wa shule umekuwa ukiwatembeza wageni na kufuga vipepeo.

Mwongoza watalii wa Kakamega si mtu wa kuonyesha njia tu. Wengi wao walizaliwa ukingoni mwa msitu, wakatumwa kuni na dawa wakiwa watoto, kisha wakaongezea juu ya malezi hayo elimu ya watafiti waliopitia hapo. Huko Isecheno kima wamechunguzwa mfululizo tangu mwaka 1979 chini ya uongozi wa Marina Cords, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na katika utafiti huo, ambao ni miongoni mwa ule uliodumu muda mrefu zaidi kwa nyani wa msituni barani Afrika, kima hutambuliwa mmoja mmoja kwa sura na maumbile yao. Ndiyo maana mwongoza watalii mzuri huutaja mti kwa majina matatu mfululizo, la Kiluhya, la Kiswahili na la kisayansi, na mgeni hana budi kumpa muda wa kufanya hivyo, kwani anayeharakishwa huishia kuonyesha tumbili.

Mti ambao mgeni anastahili kusimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mingine ni mukumu, wa jamii ya mikuyu na mitini. Maisha yake huanzia juu, si chini: ndege au kima aliyekula tunda huangusha mbegu katika panda ya mti mwingine, mbegu ikachipua pale palipokusanya vumbi na majani yaliyooza, na mizizi myembamba kama kamba ikaanza kuteremka kando ya shina la mwenyeji wake hadi kugusa udongo. Ikishapata ardhi, mizizi hiyo hunenepa, ikakutana, ikaungana na kuwa wavu wa mbao unaolizunguka shina lote, huku juu matawi ya mukumu yakimnyang'anya mwenyeji mwanga, mpaka mwisho mwenyeji hufa na kuoza, na mukumu hubaki umesimama peke yake ukiwa na uwazi ndani ambamo mtu mzima anaweza kuingia na kutazama juu. Hata hivyo huo si mti wa kulaumiwa, kwa kuwa mitini mbalimbali huzaa kwa nyakati tofauti za mwaka, na matunda yake huwalisha hondohondo, kima, mbega na shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye urefu wa karibu sentimita 75 kutoka mdomo hadi mkia, hasa pale matunda mengine yanapoadimika.

Mti wa pili, mwiritsa, unafundisha jambo zito zaidi. Gome lake, ambalo Waluhya walilichemsha kwa tiba za nyumbani, hutumiwa pia kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume zinazouzwa Ulaya, na uhitaji huo ulisababisha miti mingi barani Afrika kubanduliwa gome pande zote na kufa ikiwa wima, hata mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti wa mkataba wa viumbe walio hatarini. Karibu na ardhi mwongoza watalii ataonyesha mukombero, mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, ambao mizizi yake yenye harufu tamu hutafunwa kote magharibi mwa Kenya na kuuzwa vituo vya matatu kwa sifa ya kuamsha hamu ya chakula na nguvu za mwili. Uchimbaji wake umeupunguza sana msituni, na wakulima kadhaa sasa wanaupanda mashambani mwao, jambo linalofaa kuungwa mkono kwa kununua mzizi uliotoka shambani.

Jioni huanza mapema Kakamega. Kwa kuwa mahali hapa ni karibu kabisa na ikweta, jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na katika miezi ya mvua ngurumo na mvua ya mawe huja alasiri, kwa hiyo mgeni hupaswa kuwa amefika nyumbani kwa mwenyeji saa kumi hivi. Kufika mapema kuna manufaa mengine: mlo wa Waisukha unafaa kuonwa unapopikwa.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mushelekha, maji ya chumvi ya kienyeji. Mabua na maganda makavu ya maharagwe huchomwa hadi yawe majivu, majivu hutiwa ndani ya chombo kilichotobolewa matundu madogo chini, kisha maji humwagiwa juu polepole, na kinachodondoka kwenye chombo cha pili ni maji ya rangi ya chai yenye ladha kali na utelezi kidogo yakishikwa kwa vidole. Maji hayo yana chumvi za potasiamu, na kwa kuwa ni ya asili ya alikali, yaani kinyume cha asidi, hulainisha nyuzi ngumu za majani na kuyaacha yakiwa na rangi yake ya kijani. Wapishi wa Japani hulowesha warabi, chipukizi za kangaga, katika maji ya majivu ili kuondoa uchungu wake, na inafaa kustaajabia kwamba watu wa milima ya huko na watu wa Shinyalu, bila kukutana, waligundua dawa moja ya kuifanya mboga sugu iliwe.

Mushelekha hutumika hasa kupikia mrenda, uitwao murere, mboga ya majani yenye utelezi ambayo huambuliwa jani kwa jani kutoka kwenye vijiti vyake, kazi ya saa nzima ikiwa walaji ni wengi, lakini ambayo haihitaji mafuta wala muda mrefu motoni. Mara nyingi mrenda huchanganywa na kunde ili utelezi upungue. Saga na managu, ambazo ni chungu, hupata utaratibu mwingine: huchemshwa, zikatiwa maziwa, zikalazwa hadi kesho yake, kisha zikapashwa moto tena, na uchungu ukawa umegeuka ladha. Pamoja na mboga huja obusuma, yaani ugali, ambao kwa mgeni anayetaka kujua chakula cha kale heri uwe wa wimbi uliochanganywa na mtama au muhogo kuliko wa mahindi meupe, na ingokho, kuku wa kienyeji, ambaye baada ya kunyonyolewa hubabuliwa kwenye ndimi za moto na kuchemshwa taratibu hadi nyama yake ngumu ilegee. Firigisi, iitwayo imondo, kwa desturi ni haki ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na mgeni anayepewa asiikatae. Desturi nyingine ya zamani, iliyowakataza wanawake kula kuku, imeachwa katika nyumba nyingi, na ni vyema iliachwa.

Thamani ya mapishi haya imetambuliwa kimataifa. Watafiti wa Kenya, wakishirikiana na UNESCO, waliichagua jamii ya Waisukha iwe miongoni mwa za kwanza kuandikiwa vyakula vyao vya asili kwa kina, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2014, ilikuwa imeiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Ni kweli kwamba mboga nyingi zilizotajwa hapa hupandwa shambani na hazitoki msituni. Uhusiano wake na msitu uko katika maji, katika udongo, na hasa katika kuni, na kwa sababu hiyo mgeni ana haki ya kuuliza kuni zilizopika chakula chake zimetoka wapi, na kuchagua nyumba inayotumia jiko la kuokoa kuni. Uko pia katika kipato. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichopewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010, kilionyesha kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe kwamba mmea wa jamii ya mrihani wenye harufu ya kafuri ukilimwa na kutengenezwa dawa ya kuchua, jirani wa msitu anaweza kupata fedha bila kukata mti. Mlo wa jioni unaolipiwa moja kwa moja kwa mama aliyeupika unafanya kazi hiyo hiyo, na haumdai mtaji mkubwa wala kiwanda.

Waandishi wa vitabu vya safari hupendekeza miezi ya Desemba hadi Februari, njia zinapokuwa kavu. Kwa anayetaka matembezi na chakula pamoja, ushauri huo haufai. Mvua ndefu zinapoanza, kuanzia Machi au Aprili, mrenda na kunde huwa changa, na baada ya mvua tsiswa, yaani kumbikumbi, huruka kutoka vichuguuni, wakakusanywa, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kuliwa na ugali. Msafiri wa wakati huo avae gambuti na aingize miguu ya suruali ndani yake kwa sababu ya siafu, aanze kutembea saa moja asubuhi, na amwagize mwongoza watalii chakula siku moja kabla, ili kuku apatikane na mushelekha upate muda wa kudondoka.