Mwalimu Mgeni wa Kiingereza Mlimani Bungu

Tangu mwaka 1961, vijana wa Peace Corps wa Marekani walipoanza kuwasili Tanganyika, hata wakaondoka mwaka 1969 na kurejea mwaka 1979, mwalimu mgeni wa Kiingereza si mtu wa ajabu katika sekondari zetu.

Akipangiwa Bungu, penye baridi ya milima ya Usambara juu ya tambarare ya Korogwe yenye mashamba ya mkonge, litakalomdhihirikia kwanza ni kwamba aghalabu ya wanafunzi wake wana lugha mbili kabla yeye hajafungua kinywa: Kisambaa cha nyumbani, na Kiswahili walichosomea shule ya msingi, ilhali sekondari karibu masomo yote hutolewa kwa Kiingereza, mzigo ambao, kwa rai yangu, ni mzito kuliko tunavyokiri.

Akisahihisha madaftari atastaajabu kumkuta mama wa mtu katajwa kama mwanamume. Huo si uzembe. Kiswahili na Kisambaa, kama jamaa zao wa Kibantu, hupanga majina kwa ngeli, wala havitenganishi mume na mke katika kiwakilishi, basi mtoto halioni pengo hilo mpaka Kiingereza kimdai.

Nje ya darasa, mwanafunzi huwa yeye. Wazee humfunza kuamkiana kwa kituo, hali ya nyumbani na ya shamba ikiulizwa, maadamu haraka ni utovu wa adabu. Na kwa kuwa saa zetu huhesabiwa tangu macheo, akialikwa chakula cha saa saba mchana, asije akabisha hodi magharibi, ugali umekwisha kuliwa.